Ukuta wa Yoeli

Jumamosi asubuhi Hulda alikuwa anadeki chumbani kwake, mtaani Lyamkena, Makambako, akakuta kitanda kimeachana na ukuta. Pengo lilitosha kupitisha ndoo. Akadeki na pale palipoongezeka, maana palikuwa na vumbi.

Mpangaji wa upande wa pili, Teodora, akabisha hodi.

"Kamwene, mama Rejoice. Ukuta umeingia kwangu."

"Umefika wapi?"

"Kwenye kabati la vyombo. Vikombe nimeshavihamisha."

"Pole, jamani. Na usingizi ulipata?"

"Nililala vizuri tu. Unatembea taratibu, hauna kelele."

Nyumba yenyewe ilikuwa pacha: familia mbili, paa moja, ukuta mmoja katikati. Watu wa Makambako wanazipenda nyumba hizi, na si bure. Ukiishiwa chumvi unagonga ukuta. Mwenye nyumba naye anaokoa tofali na bati, anakaa upande mmoja, na upande wa pili unamsomeshea mtoto. Ndivyo alivyopanga Yoeli, mume wa Hulda, walipokuwa wanafyatua tofali pamoja kule kijijini Kichiwa, yeye akikanyaga udongo, Hulda akibeba maji huku ana mimba ya Rejoice.

Yoeli alikuwa mbishi. Aliwaambia mafundi kwamba nyumba pacha inaanzia katikati, kwa sababu ukuta wa kati ndio unaobeba familia zote mbili. Mafundi walicheka hadi wakakaa chini, lakini kiwanja kilikuwa chake, wakaanza na ukuta wa kati. Ulipokamilika, Yoeli akafa. Kiwanjani pakabaki ukuta mmoja umesimama peke yake.

Baada ya matanga, ukoo ulimkabidhi kaka yake, Elius, asimamie mali ya marehemu. Akasimamia kweli, nani asiyemsifu! Aliuzungushia ukuta ule kuta nyingine, akaezeka, akapangisha upande mmoja, na upande mwingine akamweka Hulda na binti yake. Kisha akaanza mazungumzo na mnunuzi kutoka Njombe mjini, mtu anayekusanya nyumba pacha kama wengine wanavyokusanya ng'ombe. Hapo ndipo ukuta ulipoanza kutembea.

Kila kulipokucha Hulda alipata nafasi zaidi, na Teodora akazidi kuhamisha vyombo. Watoto wa Teodora wakawa wanalala kwa Hulda, kwa kuwa nafasi ilikuwa imehamia huko. Majirani walikuja kutazama. Walitaka kujua kama rangi inapasuka (haipasuki) na kama swichi ya taa inakwenda na ukuta (inakwenda). Dionis, mume wa Teodora, alipiga mistari ya chaki sakafuni ili aone mwendo wake, na wageni wakifika aliwaonesha mistari kabla hata ya kuwakaribisha chai.

Elius alikuja na tepu, akapima, akakasirika, akaitisha kikao cha ukoo.

"Shemeji," alisema, "mimi sikufukuzi. Lakini nani atanunua nyumba isiyotulia?"

"Shemeji, kiwanja tulinunua mimi na Yoeli. Hata ukuta unajua."

"Mlijenga ukuta, sikatai. Nyumba nimejenga mimi."

Wazee walinong'onezana, wakanywa chai, wakasema haki lazima itendeke. Ukuta ni wa mjane, basi mjane achukue ukuta wake. Habari ya kiwanja hakuna aliyeigusa. Hulda alilia kwa hasira mbele yao wote, nao wakamsubiri amalize, maana ni watu wastaarabu.

Akafunga godoro, akamshika Rejoice mkono, akatoka. Ukuta ukatoka nyuma yao, ukapita mlangoni kwa ubavu. Kwenye barabara kuu trafiki alisimamisha malori ya Tunduma ili uvuke. Aliuliza kama una mwenyewe, Hulda akajibu kwamba ni wake.

Elius alijenga mwingine wa bloku, na mnunuzi akaridhika. Siku hizi nyumba pacha zinaota kila kona ya Lyamkena, na kila mwenye kiwanja anawaonya mafundi wasianzie katikati.

Msimu wa mvua ulipoanza, Teodora alikwenda Kichiwa kuwajulia hali Hulda na binti yake. Aliwakuta pembeni ya shamba la kaka yake Hulda, wanachemsha viazi, ukuta umesimama upande unakotoka upepo. Upepo ulipogeuka, ukuta nao ukazunguka taratibu, na Rejoice akamsogezea mama yake kigoda bila kuinua macho. Teodora alishika tofali. Lilikuwa na joto.

"Afadhali," alisema. "Baridi ya huku naijua mimi."

"Baridi hatuisikii kabisa."

"Na mvua?"

Hulda alipuliza moto kwanza.

"Mvua inatunyeshea," alisema.