Mapazia ya Mashuka Manne

Wifi yangu alipanda juu ya meza ya chakula bila kuvua viatu, akaanza kuchomoa mapazia. Alizichomoa kulabu moja moja, taratibu, kama mtu anayechuma matunda ya shamba lake.

"Fundi wa haya alilipwa na kaka yangu," alisema. "Alicholipia kitamfuata aliko."

Aliko kulikuwa kwa mwanamke mwingine, mtaa wa pili. Makochi yalikwisha kupakiwa, na televisheni pia. Wifi alichungulia chumbani, akayaona mashuka yaliyokunjwa juu ya godoro. "Hayo baki nayo. Yamechakaa."

Dirisha la sebuleni lilikuwa pana kuliko mlango, likitazamana na barabara. Mume wangu aliyaonea fahari mapazia yale ya kushonewa kwa kipimo; wageni wakiyasifu, alijibu yeye kabla sijafungua mdomo. Sasa sebule ilibaki wazi kama jukwaa. Waliotoka sokoni walipunguza mwendo. Macho hayana pazia, na siku hiyo hata dirisha langu halikuwa nalo.

Jirani yangu, Mama Pacha, akaja mbio na magazeti na gundi. "Ziba, shoga yangu. Wasikuone unavyolia."

"Silii. Na sizibi. Anayejificha ni mwenye kosa."

Nikavuta kiti mbele ya dirisha, nikala chakula changu cha mchana polepole, nikiwatazama walionitazama. Sikuwa mimi niliyeinamisha macho kwanza.

Lakini kiburi hakitundikwi dirishani. Nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi, na fundi wa mapazia aliponitajia bei nilicheka mpaka naye akacheka. Wiki ile ile mama yangu akaja, amebeba cherehani yake ya mkono ndani ya beseni.

"Mwanangu, hutaki nikazungumze na mumeo?"

"Nataka unitungie uzi kwenye sindano, mama."

Akavaa miwani.

Mashuka yalikuwa manne, ya pamba nzito. Tuliyatia rangi ya kijani kibichi kwenye sufuria kubwa, tukayageuza kwa mwiko mpaka mikono yetu ikawa kama ya watu waliochuma majani kutwa. Kazini niliomba bomba jembamba lililopinda kidogo, ambalo hakuna mteja angelitaka. Nikalinyoosha, nikalipaka rangi nyeusi. Sikulifunga pale lilipokuwa la zamani. Nilipanda karibu kabisa na dari, nikalipitisha mbali kulia na kushoto, ili dirisha lionekane kubwa kuliko lilivyojengwa. Mama alikunja marinda mazito, akatia bitana ya blanketi kuukuu. Ndani ya pindo la chini tukashonea nati zenye kutu, nguo ikae wima upepo ukivuma.

Tulipoyatundika yakashuka kutoka dari mpaka sakafuni, yametulia. Mama akarudi nyuma, mikono kiunoni. "Eh! Sasa humu anakaa nani?"

"Mimi," nikasema.

Mtaa haukukawia. Mama Pacha ndiye aliyeniletea habari, anacheka mpaka machozi: ati nimepata bwana mwenye hela, ndiye anayenipambia nyumba. Sikukanusha.

Jumamosi moja mume wangu akaingia bila hodi. Hakunisalimu. Aliyatazama mapazia kuanzia juu mpaka chini.

"Nani huyo?"

"Yupi?"

"Usinifanye mtoto. Nguo haikai hivi bila kupimiwa. Kuna mtu ameingia humu."

Akasogea, akaishika nguo, akaisugua kwa vidole. Miaka tisa alikuwa ameyalalia mashuka yale. Humo aliugua, humo nilimkanda, humo tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Nilisubiri vidole vyake vikumbuke.

"Kitambaa cha nje hiki," alisema. "Ghali."

Ningeweza kumwambia. Jikoni, kelele za vyombo zilikuwa zimekoma. Mama alikuwa anasikiliza.

"Aliyeyashona anavijua vipimo vyangu vyote," nikasema. "Sikuhitaji kumweleza."

Uso wake ukabadilika. "Na mimi je?"

"Wewe ukitoka funga mlango. Vumbi linaingia kwenye marinda."

Akatoka kama mtu aliyesahau alichofuata. Mlango aliufunga.

Nilimkuta mama juu ya kigoda, anapima dirisha la jikoni kwa shubiri, mabega yakimtetemeka kwa kicheko alichokibana.

"Mashuka yamekwisha," akasema alipoweza. "Hili tulifanyie nini?"

"Dobi kaleta mashati mawili ya mkweo jana. Yeye na dada yake walisahau kuyafuata."

Mama akapima tena, akafikiri.

"Yanatosha."