Picha Aliyoisifu Baba

Wanafunzi wangu wananiita Ramani, na wanadhani sijui. Nafundisha jiografia katika nchi isiyo yangu, huu mwaka wa sita, na siku yangu ya kwanza nilionekana nikitafuta chumba cha walimu huku nimeshika mchoro wa majengo ya shule, tena nimeugeuza juu chini. Jina likanasa. Siwalaumu kwa hilo. Ila minong'ono ya nyuma ya darasa siiwezi. Hasira zangu ziko karibu, na mtoto anayecheka wakati naeleza mikondo ya bahari hupata yake palepale.

Maisha ya huko ni ya kawaida kuliko watu wa nyumbani wanavyofikiri. Asubuhi napasha maji, napiga pasi blauzi juu ya kitanda kwa sababu meza imejaa madaftari, nashuka ngazi za ghorofa tatu na kuwahi kengele. Vipindi vitano. Chai ya chumba cha walimu, ambayo ni maji ya moto yaliyosikia habari za majani. Vikao vya makamu mkuu wa shule, mtu mwema asiyeweza kusema jambo bila kulirudia mara mbili. Jioni nasahihisha mpaka wino unaisha, na likizo zikifika, nasafiri.

Kusafiri kwangu ni agizo la baba. Baba ni fundi cherehani. Maisha yake yote ameshona suti za watu wanaokwenda mbali, na yeye mwenyewe hajawahi kulala nje ya mji wetu. Siku naondoka alinishika mkono akasema, "Nenda ukafundishe, mwanangu. Lakini likizo usijifungie ndani. Tembea, halafu uniambie huko kukoje." Basi natembea: treni, boti, mabasi ya safari ndefu, nyumba za wageni zenye mashuka yanayonuka sabuni. Kila ninapofika namtumia picha kwenye simu, naye hunijibu kwa sauti, maana kuandika kwenye kioo anasema ni kazi ya vidole vya watoto.

Tulikuwa na agano jingine pia. Mama alipofariki nilimwambia baba, mbele ya ndugu wote, kwamba siku akiumwa naacha kila kitu narudi. Watu waliitikia vizuri. Yeye peke yake hakuitikia, nami sikulitilia maanani.

Mwisho wa muhula uliopita nilikuwa mbio mbio. Makamu mkuu alitaka picha ya ukurasa wa mahudhurio wa kidato cha pili kabla ya saa nane, na mimi nilikuwa bado sijamtumia baba picha ya ziwa nililomwambia nakwenda kulitazama wikiendi ile. Nikazituma zote mbili kwa mkupuo, nikaanza kufunga mkoba. Muda si muda makamu mkuu akajibu: "Mwalimu, kofia imekupendeza. Kofia imekupendeza kweli, lakini bado nasubiri mahudhurio."

Nilicheka mpaka nikaketi. Maana yake baba, kule nyumbani, alikuwa anatazama majina ya watoto arobaini na wawili, na misalaba myekundu ya watoro. Kabla sijamwomba radhi, sauti yake ikaingia.

"Nimeiona picha, mwanangu. Aah, pametulia! Maji yale! Na wewe umependeza, unacheka vizuri. Mungu akutunze."

Nikacheka tena, kidogo. Nikaisikiliza mara ya pili. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama katikati ya chumba cha walimu, na rafiki yangu mwalimu wa muziki ananiuliza kama nimepata msiba.

Ndipo mambo yakaanza kunijia moja moja. Kwamba kwa muda mrefu sasa, nyuma ya kila sauti ya baba kulikuwa na sauti ya shangazi, dada yake anayeishi naye. Anakohoa, ananong'ona kitu, halafu ndipo baba anasema. Kwamba mwaka jana baba aliniuliza, kwa adabu kubwa, "Yule bwana mrefu wa kwenye boti hajambo?" Sikumjua bwana mrefu yeyote. Nilidhani baba ananitania tu, kama wazazi wanavyowatania mabinti wasioolewa.

Nikampigia shangazi. Nyuma yake kulikuwa na muziki na vigelegele.

"Shangazi, uko wapi?"

"Kwenye harusi ya mtoto wa wifi yangu, tangu juzi. Kwani kuna nini?"

"Baba anaona?"

"Anaona nini?"

"Shangazi!"

"Usinipigie kelele, mimi siyo mwanafunzi wako," akasema. Kisha sauti yake ikageuka kilio. "Presha ya macho. Daktari alisema lililokwenda limekwenda, halirudi. Huu mwaka wa pili. Mimi ndiye ninayemsimulia picha zako. Aliniapisha, mwanangu, ningefanyaje?"

Niseme kweli: kabla ya kuhuzunika nilikasirika. Nilikasirika kama mtu aliyechezewa shere na watu wazima wawili kwa miaka miwili, na hao ndio walionifundisha kutosema uongo. Mezani kwangu kulikuwa na mkataba mpya wa miaka mitatu uliosubiri sahihi yangu shule itakapofunguliwa. Sikuugusa. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikaitia kwenye bahasha, lakini ofisi ilikuwa imeshafungwa, nikaichukua nikasema nitaituma nikiwa nyumbani. Tulikuwa twende milimani likizo hiyo, mimi na mwalimu wa muziki. Akaenda peke yake na mahema mawili.

Nilifika nyumbani saa nne asubuhi, bila taarifa. Baba alikuwa barazani na cherehani yake, anakunja pindo la suruali, kidole gumba kinatangulia kupapasa kitambaa ndipo sindano inafuata. Ungepita njiani usingejua lolote. Mimi nilikuja nimekusudia kumpima. Nikasimama mbele yake, hatua mbili tu, kimya, nione atasemaje.

Akainua uso, akanielekea sawasawa, akatoa lile tabasamu lake la wateja.

"Karibu, mama. Ya kushona au ya kupunguza?"

Nimetunga mitihani mingi, lakini huo ulinishinda mimi mwenyewe. Nilijiona mtu mbaya, tena mbaya hasa.

"Mama?" akaita tena. Akasimama taratibu, utepe wa kupimia umening'inia shingoni, akanyoosha mkono kama mtu anayetafuta mlango. Mkono ukatua kwenye bega langu la kushoto. Vidole vikatembea mpaka mwisho wa bega, vikarudi.

"Bega hili limeshuka nusu inchi," akasema. "Nimelikatia sare za shule tangu darasa la kwanza." Akaketi. "Nani kakwambia? Dada?"

"Umejisema mwenyewe, baba. Umesifu daftari la mahudhurio."

Nikamweleza. Alicheka, baba yangu, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la suruali ya mteja. Kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Nikapayuka pale barazani kama niko mbele ya kidato cha pili: kwamba mimi ni mtoto wake siyo jirani, kwamba miaka miwili nimempelekea picha za milima na madaraja naye anaitikia tu nzuri, nzuri, kwa nini hakuniambia?

"Ungerudi," akasema.

"Ningerudi, ndiyo!"

"Ndiyo maana."

Shangazi, aliyekuwa amesharudi kutoka harusini, akatoka ndani na chai, akatuona tulivyo, akaviweka vikombe chini polepole kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Hakuondoka.

"Umekuja na barua," baba akasema. Halikuwa swali. "Nakujua. Isome."

Nikaitoa. Nina sauti ya kusomea, sauti inayofika dawati la mwisho, lakini siku hiyo haikufika popote. "Nasikitika kukuarifu kwamba, kwa sababu za kifamilia, sitaweza kuendelea..."

"Rudia hapo."

"Kwa sababu za kifamilia."

"Familia ni nani? Mama yako ametangulia. Dada huyu hapa, mzima kama jiwe. Basi hiyo sababu ni mimi." Alikuwa hana hasira, alisema kama anayepima kitambaa. "Kila anayekaa kwenye baraza hii nimemwambia nina binti anafundisha watoto wa watu ng'ambo. Sasa unataka nife nikiwa sababu. Sitaki kuwa sababu, mwanangu. Naumia kutoona, sikufichi. Naumia hasa asubuhi. Lakini uji napikiwa, cherehani inakwenda, njia ya msalani naijua. Nilichokosa ni picha tu. Maana huyu shangazi yako ni mwongo."

"Mimi?" shangazi akaruka.

"Uliniambia kuna mlima wenye ngazi mpaka juu."

"Zilikuwepo!"

"Na yule bwana mrefu uliyesema anamtazama mtoto kwa macho ya kuposa?"

Nikamwuliza shangazi ni picha ipi. Ya kwenye boti, akasema, yule aliyesimama nyuma yangu na shati jeupe.

"Shangazi, yule ni mkata tiketi. Alikuwa anasubiri yangu."

Baba alisikitika waziwazi. Alikuwa ameshamzoea yule bwana, akasema, na alikuwa amemwombea. Akanywa chai kidogo, kisha akanigeuzia uso.

"Haya, hiyo ya ziwani, ambayo sijadanganywa bado. Nisimulie wewe."

Nikakaa vizuri nikaanza. Ziwa lina kina cha mita mia moja na tisini, limetokana na bonde lililodidimia...

"Sifanyi mtihani," akanikatiza. "Wewe uko wapi kwenye picha?"

"Nimekaa juu ya jiwe. Miguu iko majini. Nimevaa kofia ya ukindu, imepinda upande."

"Maji ya baridi?"

"Ya baridi mpaka vifundo viliuma."

"Nani alikupiga picha?"

"Mama mmoja alikuwa anapita na mbwa wake. Nilimwomba."

"Halafu?"

"Akanirudishia simu, akaenda zake."

"Halafu?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza halafu. Picha zenyewe haziulizi. Nikafungua mdomo niseme uzuri wa jua likizama, nikaona uso ule unaonisubiri, umeinama upande mmoja kusikia vizuri, nikashindwa.

"Halafu nikala mkate. Nikatazama saa. Basi la kurudi lilikuwa bado saa tatu nzima, na nilikuwa sina wa kuzungumza naye. Nikavitazama vidole vyangu vya miguu. Nikalia kidogo, baba, siyo sana."

"Lakini kwenye picha unacheka."

"Kwenye zote nacheka. Nilikuwa nacheka kwa ajili yako."

Shangazi akashusha kikombe. Baba akaulaza mkono juu ya gurudumu la cherehani, na nikajua kwamba kwa miaka sita hii hakuna aliyemweleza picha zangu sawasawa, hata alipokuwa na macho yake.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Ungesema nirudi."

"Ningesema, ndiyo," akajibu mara moja, na palepale akayasikia maneno yake mwenyewe.

"Huyu na huyu, mtu na babake," shangazi akasema, akapenga kamasi kwenye kanga. "Kazi mnayo."

Baba akavuta stuli yake karibu mpaka magoti yetu yakagusana. Akanishika mikono yote miwili. "Sasa tuyaweke macho yangu pembeni. Nakuuliza wewe. Kazi unaipenda?"

Nilikifikiria kidato cha pili, mtoro wangu mkubwa aliyerudi wiki ya mwisho akachora mto mzima kwa kichwa, bila kukosea kijito. "Naipenda," nikasema. "Nawapenda hata wale wa nyuma. Jumapili ndizo siziwezi. Na likizo."

"Mkataba wa miaka mingapi?"

"Mitatu. Nikiomba mmoja watanipa."

"Omba mmoja." Akasugua viganja vyangu kwa vidole gumba, akitafakari. "Na likizo ijayo usiende popote. Nakuja."

"Wewe?" shangazi akasema. "Kaka, uende huko ukaone nini?"

"Nitasimuliwa. Nimechoka kusimuliwa na wewe." Akanirudia mimi. "Nitalala kwenye treni, nataka na boti. Utaniambia kila kitu, hata kibaya. Hicho chumba chako kina viti vingapi?"

Nilikiona chumba, meza yenye madaftari, na ninavyokula nikiwa nimegeukia dirisha. "Kimoja, baba," nikasema, na machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke.

Alinisikiliza nikilia mpaka mwisho, hakunikataza.

"Nunua cha pili," akasema. "Chenye egemeo. Nimekaa kwenye stuli miaka arobaini."