Nati ya Upande wa Kulia

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025, Valerian aliona kwamba upande wa kushoto wa tairodi haukuwa na nati.

Alikuwa amelala chali juu ya gunia, chini ya gari, uani kwake Chanji. Tairodi ndiyo fimbo inayoyashika magurudumu ya mbele yageuke pamoja. Ikichomoka, dereva anabaki ameshika usukani usioongoza kitu. Alisugua udongo kwa brashi ya waya mpaka ncha ya bolti ikaonekana, na katikati yake tundu dogo la kotapini, kile kipini cha chuma laini kinachozuia nati isijifungue. Ndani ya tundu kilibaki kipande cha waya kilichokatika. Alikitazama kwa lenzi. Hakikuwa kotapini. Kilikuwa spoki ya baiskeli.

Alitoka chini ya gari, akanawa mikono, akaandika saa kwenye daftari.

"Shemeji, hilo dude litakuzika kabla halijawaka," alisema Fransiska. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, akipepeta ulezi, kitenge amekifunga mpaka masikioni kwa sababu ya upepo wa Juni. "Umeona nini huko chini?"

"Kutu."

"Kutu gani inayomfanya mtu aandike?"

Valerian alifunga daftari. Fransiska alikuwa mjane wa kaka yake Baltazari, na gari lile ndilo lililomfanya mjane.

Lilikuwa pikapu, Chevrolet ya mwaka 1937, ambayo baba yao, mzee Adriano, aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Mwezi Agosti 1982 Baltazari aliishusha kuelekea Ilemba, bondeni, na kwenye kona ya tatu ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa ikaenda moja kwa moja pale ambapo barabara ilikunja. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Siku nne kabla yake alikuwa amegombana na jirani yao, Klementina, kuhusu mpaka wa shamba, na Klementina alisimama mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti na kusema, "Haya, endesha tuone utafika wapi." Maneno hayo yalisikiwa na watu sita. Baada ya mazishi nyumba yake ilichomwa. Alikimbilia bondeni, Kaoze, akafia huko baada ya misimu mitatu ya mvua, bila ndugu wa kumzika.

Mabaki ya gari yalilala korongoni miaka arobaini na miwili. Wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao hung'oa hata mifuniko ya mitaro, hawakuyagusa. Kila mmoja alijua ni gari la nani na limeuawa na nani. Kwa hiyo hakuna nati iliyoibwa wala bolti iliyofunguliwa. Mwaka uliopita Sayi, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, aliyavuta hadi juu kwa jozi nne za maksai, akacheka alipoambiwa habari za uchawi: "Sisi tumekuja na wetu, Mwalimu. Wa hapa hatuuogopi."

Valerian alikuwa amefundisha ufundi wa magari miaka thelathini na minne. Alistaafu, akataka kulirudisha gari barabarani. Hakuwa na sababu nyingine.

Kesho yake, Jumapili saa nane mchana, mtaa ulikuwa na kikao kuhusu Evodia, binti wa Klementina. Mtoto wa Redempta, jirani yao, alikuwa amefariki mwezi Mei. Hospitali iliandika homa ya uti wa mgongo. Mtaa ulisema Evodia alimpa mtoto yule ndizi, na kwamba mama huwa hafi na vitu vyake, humwachia binti. Hoja yote ilisimama juu ya Klementina, na Klementina alisimama juu ya gari lile.

Valerian aliyapima aliyokuwa nayo. Wiki ile ya Agosti watu watatu walishika spana: baba yake, Baltazari, na yeye mwenyewe, kijana wa miaka ishirini aliyetoka chuo cha ufundi. Spoki ilikuwa ya mmoja wao. Nati ya upande wa kulia ingemwambia ni ya nani, kwa sababu yeye hutumia mkono wa kushoto, na waya anaousokota hugeukia kinyume na wa watu wengine. Lakini nati hiyo ilikuwa imezikwa ndani ya kutu na udongo mgumu kama tofali. Akilazimisha, waya ungekatika na ushahidi ungepotea. Aliifunga kitambaa kilicholowa dizeli, akaiacha ilale hivyo hadi asubuhi.

Saa kumi na moja jioni alitoka kununua dizeli nyingine. Njia ilipita mlangoni kwa Evodia. Alikuwa anafagia.

"Shikamoo, kaka Mwalimu."

"Marahaba, Evodia. Umeshindaje?"

"Kama mwizi anayesubiri hukumu. Kesho utakuja?"

"Nitakuja."

"Utasema nini?"

"Nitakachokuwa nimekihakikisha."

Evodia aliegemea ufagio. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na mikono iliyopasuka kwa kusaga na kupika pombe ya watu. "Ninyi walimu," alisema. "Nyumba inaungua, mnapima moshi."

"Evodia."

"Nenda kaka, duka litafungwa."

Alikwenda. Kipande cha spoki kilikuwa mfukoni mwake, ndani ya karatasi.

Jumapili hakwenda misa. Saa nne na dakika tano tabaka la mwisho la kutu lilidondoka kutoka kwenye nati ya kulia. Spoki ilikuwepo, nzima, imezungushwa mara mbili na kusokotwa ncha. Msokoto ulielekea kushoto. Kwenye kona ya mkunjo palikuwa na ufa uliopita zaidi ya nusu ya unene. Upande huo pia ungekatika, kama gari lingefika umbali wa kutosha. Aliikata juu ya ufa kwa uangalifu, akaviweka vipande vyote viwili, cha jana na cha leo, kwenye chupa ya asali iliyooshwa.

Ofisi ya mtaa ilikuwa imejaa mpaka dirishani. Mwenyekiti, Flavian, alimruhusu azungumze wa kwanza kwa heshima ya umri. Valerian aliweka chupa mezani, akaeleza. Kotapini ni chuma laini, hukunjwa bila kuvunjika. Spoki ni chuma kigumu. Ukiikunja kona kali inapata ufa, na mtikisiko wa barabara unamalizia. Nati ikajifungua, tairodi ikachomoka. Mama Klementina hakuhusika. Aliyeweka spoki ni yeye, Valerian.

"Mwalimu, kipindi kinaisha saa ngapi?" kijana mmoja aliuliza kutoka dirishani, na watu wakacheka.

Fransiska hakucheka. Alisimama taratibu, akaitazama chupa kwa muda.

"Miaka arobaini na mitatu," alisema. "Unakula kwenye chungu changu."

"Nimejua leo, shemeji."

"Nakuamini. Wewe huna uongo." Aligeukia watu. "Huyu nimemfulia nguo tangu kijana. Hajawahi kuacha kifungo cha shati wazi. Kijiko akikikuta kimegeuka, anakigeuza. Mtu wa namna hii, siku ile moja, anaweka waya wa baiskeli kwenye gari la kaka yake. Shemeji, kwa nini?"

"Kotapini hazikuwepo. Mwaka ule madukani hapakuwa na kitu."

"Ungemwambia asiendeshe. Angekusikiliza. Kwa nini hukumwambia?"

Valerian alitafuta. Alikumbuka rangi ya baiskeli iliyotolewa ile spoki. Alikumbuka baba yake akila muhindi wa kuchoma. Alijua chuoni walikuwa wameshafundishwa tofauti ya chuma laini na kigumu. Wazo lililomwongoza mkono hakulipata. Angeweza kusema haraka, au uvivu, au ujana, na lolote kati ya hayo lingekuwa la kubuni.

"Sikumbuki," alisema.

Fransiska aliwageukia watu tena.

"Hakumbuki," Fransiska alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Mmemsikia. Mkono ni wake, na hajui nani aliutuma."

"Hapo sasa," alisema mtu nyuma. Redempta alianza kulia.

"Sikusema hivyo," Valerian alisema. "Kutokukumbuka si ushahidi wa kitu chochote." Alirudia mara mbili. Flavian alikuwa anaandika, na hakuinua kichwa. Alipomaliza alisoma: Mwalimu amekiri kuweka waya, alipoulizwa sababu, hakumbuki. Kisha akasoma azimio, kwamba Evodia anashauriwa kuhama mtaa ndani ya siku saba kwa usalama wake mwenyewe.

Evodia aliinuka kwenye benchi la mbele, akaja hadi mezani.

"Jana jioni ulikuwa nacho hiki?"

"Kipande kimoja. Nilikuwa sijahakikisha."

"Sasa umehakikisha."

"Ndiyo."

Alichukua chupa, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, akatoka. Watu walimpisha njia pana kuliko alivyohitaji.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi Valerian alifika kwa Evodia. Mlango ulikuwa wazi, chumba kimefagiliwa, mafiga bado ya moto. Alisubiri hadi saa mbili. Saa tano na robo alimpata kwa simu Steven, dereva wa Fuso la kwenda bondeni. Steven alithibitisha kwamba alimpakia mama mmoja alfajiri pale Chanji, na kwamba alimshusha Kaoze, kule alikofia Klementina, saa tano kasoro dakika kumi, akiwa na mfuko mmoja na chupa ya asali yenye waya ndani.