Glavu ya Mkono Mmoja

Zamani karibu kila nyumba hapa mjini Gloversville, Marekani, ilikuwa na mtu anayeshona glavu. Siku hizi tumebaki wachache, na kiwanda cha akina Van Slyke ni kimojawapo. Mimi kazi yangu ni kushona vidole gumba. Cherehani yangu iko mlangoni mwa ofisi, na mlango wenyewe haufungi vizuri, kwa hiyo haya yote niliyasikia kwa masikio yangu.

Mwenye kiwanda ni mzee Roswell. Kaka yake, marehemu Hiram, alirudi kutoka Vietnam bila mkono wa kulia. Kila baridi ikiingia ilimlazimu anunue jozi nzima ya glavu, kisha ile ya kulia aitupe, na kila akiitupa alikuwa akitukana. Basi Roswell akaanza kushona glavu za mkono mmoja, kushoto au kulia, upendao. Hospitali za serikali za askari wastaafu zikasikia na kuanza kuziagiza. Faida yake haikuwa kubwa, lakini mzee aliipenda kazi ile kuliko zote.

Sasa binti yake, Corinne, ndiye anayeshughulikia zabuni za serikali. Mwaka huo wazabuni wote tuliambiwa kwamba katalogi ya zamani ya mtandaoni, ile ambayo serikali hununulia, inafungwa, na kila mmoja ahamishe bidhaa zake kwenye mfumo mpya. Corinne akahudhuria mafunzo kwenye kompyuta. Mwalimu alikuwa mchangamfu, akarudia rudia kwamba ni rahisi mno. Kila mtu aliyeuliza swali akaambiwa litajibiwa baadaye.

Glavu za kazi zikapita. Za wazima moto zikapita, ingawa picha zilikataliwa kwanza kwa kuwa na kivuli. Ile ya mkono mmoja ikagonga mwamba. Maandishi mekundu yakatokea: kipimo cha kuuzia hakilingani na aina ya bidhaa. Maana yake, glavu huuzwa kwa jozi, na mfumo haujui glavu nyingine.

Corinne akapiga simu kwenye dawati la msaada la mfumo, akaiweka kwenye kipaza sauti kama kawaida yake. Alisubiri huku muziki ukilia hadi kahawa yake ikapoa, ndipo akapokea kijana mmoja mpole aliyejitambulisha kwa jina la Thaddeus.

"Badilisha uandike jozi, dada," akasema Thaddeus.

"Lakini si jozi. Ni moja."

"Nakuelewa. Ila kwenye aina hii jozi ndiyo chaguo pekee."

"Basi niiweke kwenye aina gani?"

"Aina yake ni glavu."

"Kaka, mtu mwenye mkono mmoja anavaa nini?"

"Hilo nitalipeleka kwa wahusika," akasema Thaddeus. Akampa namba ya lalamiko.

Wahusika wakajibu kwa barua pepe kwamba suala limetatuliwa. Corinne akafungua mfumo na kukuta maandishi mekundu yaleyale. Akapiga tena, akapokelewa na mwingine, akaanza kueleza upya tangu mwanzo. Ikawa ndiyo danadana yake ya kila asubuhi. Alizoea kuja kwenye mashine zetu na kutusalimia, akaacha. Ukimuuliza kama kumekucha salama, anakujibu, "Muulize mfumo."

Wakati huo katalogi ya zamani ikafungwa. Haikuchukua muda, akapiga simu Delphine Oakes, mnunuzi wa hospitali moja ya askari wastaafu, mtu wetu wa siku nyingi.

"Corinne, mbona sizioni glavu zenu? Nina mzee anayetibiwa hapa, Burl Hotchkiss. Kule kwake theluji imefika madirishani, na mkono alionao ni wa kushoto tu. Baridi ilishamuunguza vidole mwaka jana."

"Haiingii, Delphine. Mfumo unataka jozi."

"Nami siruhusiwi kununua kitu kisichokuwamo kwenye mfumo. Nikiomba kibali maalumu, kitatoka maua yakichanua, baridi imeshapita."

"Basi nakutumia moja bure. Mpe."

"Zawadi kutoka kwa mzabuni? Unataka nifukuzwe kazi?"

"Nipe anwani yake nimtumie mwenyewe."

"Anwani ya mgonjwa? Hapo ndipo nitafukuzwa kabisa."

Corinne akaweka simu chini, akalaza kichwa mezani. Baba yake alikuwa amesimama pale pale, kakunja mikono.

"Hiram alipigana vita kwa shida ndogo kuliko hii," akasema.

"Baba, sasa hivi usinitajie Hiram."

Siku iliyofuata Corinne alikuja kwenye meza yetu akachukua glavu mbili, zote za kushoto, akazilaza juu ya kitambaa cheupe na kuzipiga picha. Akaandika kwenye mfumo: jozi, kushoto na kushoto. Mfumo ukakubali papo hapo. Haukuuliza hata swali moja. Corinne alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa kizuri kukisikia.

Mzee alipojua, akawaka. "Kwa hiyo tutamuuzia glavu mbili mtu anayehitaji moja? Serikali ilipe mara mbili? Huo ni wizi, Corinne, hata kama wenyewe ndio waliotufungulia mlango."

"Nimewaandikia wazi. Picha inaonyesha wazi. Delphine anajua. Nifanye nini kingine?"

"Tuachane na zabuni zao. Tuuze kwa watu."

"Watu gani, baba? Wanaonunua glavu za plastiki kutoka ng'ambo? Nusu ya kina mama hawa wanakula kwa zabuni hizo. Geuka uwaambie."

Mzee akageuka kweli, akatutazama. Sote tulikuwa tumeinamia cherehani, lakini hakuna iliyokuwa ikilia. Akatoka nje bila koti, na baridi ile.

Delphine akaagiza. Mzigo ukaenda. Baada ya hapo simu ikaita, na Corinne akaiweka kwenye kipaza sauti, akaendelea kufunga maboksi. Alikuwa Burl Hotchkiss, sauti yake kama kokoto ndani ya debe.

"Namba yenu nimeikuta kwenye lebo. Nani huko hajui kuhesabu mikono?"

Corinne akamweleza yote, kuanzia mafunzo hadi picha. Mzee Burl alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo kwenye kompyuta yao," akasema hatimaye, "mimi nina mikono miwili ya kushoto."

"Ndivyo ilivyo, mzee wangu. Naomba radhi."

"Usiombe wewe. Ngozi ni nzuri. Nikizoa theluji kwa koleo moja inalowa, naiweka karibu na jiko ikauke na kuvaa nyingine. Ila nina rafiki yangu kule hospitali, yeye kabaki na mkono wa kulia. Yeye na Delphine waliitafuta yake kwenye hiyo orodha yenu, wakaikosa. Kanituma niulize, yeye mmemsahau?"

Corinne alifumba macho. Akamwahidi kwamba ataiweka, akamuaga kwa heshima, kisha akaitazama kompyuta kama mtu anayetazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

Lalamiko letu mpaka leo halijafungwa. Ukiliangalia linasema linashughulikiwa. Thaddeus, tuliambiwa, amehamishiwa idara nyingine.

Alasiri ya siku ile aliyopiga Burl, Corinne alikuja kuchukua glavu mbili za kulia. Alipozilaza juu ya kitambaa, kivuli chake kikaziangukia, na picha yenye kivuli hukataliwa. Mzee Roswell akasimama kutoka kwenye kiti chake bila kuambiwa, akashika taa ya mezani na kuiinua upande wa pili.

"Bado nasema ni wizi," akasema.

"Inua kidogo, baba," akajibu Corinne. "Kivuli bado hakijatoka."