Fomu Inayojulia Hali

Mume wangu hawezi kumuuliza mtu upana wa dirisha kabla ya kumuuliza habari za nyumbani. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyonipata mimi, kwa hiyo sina haki ya kulalamika. Lakini nalalamika. Mimi nashona mapazia, tunayauza mtandaoni, na yeye ndiye mpokea simu za wateja. Mtu akipiga kuulizia pazia la sebuleni, ataulizwa kwanza kama watoto hawajambo, kama kazi inaendelea, kama huko kwao mvua imenyesha. Wakati huo wengine wanapiga, simu inatumika, wanakata tamaa na kununua kwingine.

Duka la mtandaoni alilitengeneza binti yetu. Tunamwita Meneja tangu akiwa mdogo, kwa jinsi alivyopenda kutupanga. Asubuhi moja alikuja na kompyuta yake, akavisukuma vitambaa vyangu pembeni bila hodi wala samahani, akasema, "Mama, tunahitaji fomu. Mteja anajaza vipimo mwenyewe, anatuma, basi. Mambo ya simu yamekwisha."

Baba yake alikuwa anakunja pazia. Likakunjika likaisha, naye akaendelea kulikunja.

Nilijua kilichomuuma. Kampuni aliyoifanyia kazi ya mapokezi miaka nenda miaka rudi ilileta mashine ya kupokea simu, ikamuaga kwa cheti na maneno matamu. Akakaa nyumbani mpaka nikaogopa. Ndevu hanyoi, na paka akipanda mezani hamfukuzi. Zilipoanza simu za mapazia ndipo nilipompata tena mume wangu. Sasa mtoto wake mwenyewe anamletea mashine ya pili. Binti yangu nilimpenda na nilitamani kumzaba kibao, yote kwa pamoja.

"Meneja," nikasema, "na baba yako atafanya nini?"

"Atapumzika."

"Nimeshapumzika," akasema baba yake, akatoka kwenda kununua uzi ambao tulikuwa nao tele.

Hata hivyo fomu ilihitajika, na mwenye macho haambiwi tazama. Tukaanza kuchagua. Ya kwanza ilikuwa ya bure, na vya bure tunavijua: chini ya kila ukurasa iliwatangaza walioitengeneza kwa herufi kubwa kuliko jina la duka letu. Ya pili ilipendeza mno, ila haikupokea picha, na mimi bila kuliona dirisha sikati kitambaa, maana watu hupima kioo wakaisahau fremu. Ya tatu ilikuwa na kila kitu. Picha inapokea, na mteja akisema pazia atalitundika kwenye fimbo, maswali ya reli yanajificha yenyewe. Meneja macho yakamng'aa.

"Nani ataandika maswali?" nikauliza.

"Mimi."

"Thubutu! Anayewajua wateja ni baba yako. Akiandika yeye, tunaichukua. Asipoandika, simu itaendelea kulia."

Cherehani ni yangu, kwa hiyo neno langu likapita. Baba akaandika kwa mkono, kwa mwandiko wake safi wa mapokezi, binti akawa anaingiza. Habari za nyumbani? Namba yako ya simu? Watoto hawajambo? Mvua huko je? Nilipomcheka, akanijibu, "Barua ni nusu ya kuonana, mke wangu. Fomu nayo haikosi kuwa robo." Kisha akaona nyota nyekundu kwenye swali la upana, akauliza ni ya nini.

"Hilo ni swali la lazima, Baba. Mtu asipolijibu, haendi mbele."

"Basi iweke kwenye salamu zote. Kuna lazima kuliko salamu?"

Meneja akanitazama. Mimi nikaitazama cherehani.

Fomu ikafunguliwa, na vituko vikaanza. Mwalimu mmoja alitueleza kwa kirefu homa ya mwanawe wa mwisho, akasahau kupima dirisha. Mwingine aliweka nukta tu kwenye kila salamu. Mwingine akaandika, "Samahani, mnauza mapazia au mmekuja kuposa?" Nilicheka mpaka pini ikanichoma. Meneja hakucheka. Fomu ile ilihifadhi hata majibu ya walioishia njiani, nao walikuwa wengi.

"Tazama, Baba. Hawa wote wameondoka. Ni salamu zako."

Akavaa miwani, akasoma bila haraka. Nikajisemea, yamekwisha, sasa hivi anakwenda kununua uzi.

"Hawa wa mwanzo, sawa, nimewafukuza mimi," akasema. "Salamu hailazimishwi, nimekosea. Toa nyota. Lakini hawa huku chini salamu wamejibu. Huyu ameishia kwenye reli. Huyu picha imemshinda. Hawa wamekwama, mama." Humwita binti yake mama anapokuwa mpole. "Mtu akikwama mlangoni, nani anamfungulia?"

Meneja akaivuta kompyuta. Kiburi anacho, amekirithi kwangu, na moyo wa huruma anao, wa baba yake huo. Akatoa nyota, akafuta mvua na watoto, akabakiza salamu moja. Halafu chini ya namba ya simu akaweka kisanduku cha kutia alama, akaandika: Ukikwama, tukupigie? Akasita. Akafuta, akaandika upya: Umekwama? Tia alama hapa, Baba atakupigia.

"Baba yupi?" akauliza mume wangu.

"Kwani tunao wangapi?"

Nikainama kujifanya natafuta mkasi. Nilikuwa nalia, nizunguke nini?

Tangu hapo simu hailii ovyo, na wateja hawatukimbii. Yeye ndiye anayepiga, ndevu zimenyolewa, kalamu sikioni. Watu waliomzidi umri wanauliza, "Baba wa mapazia yupo?" na yeye anaitika bila aibu.

Juzi ikaja fomu iliyojazwa sawasawa, upana, urefu, reli, picha ya dirisha zima na fremu yake. Hata hivyo mteja alitia alama kwamba amekwama. Mume wangu akampigia, akaweka spika ili nasi tusikie.

"Habari za nyumbani? Naona umejaza vizuri kabisa. Umekwama wapi?"

"Sijakwama, Baba," mwanamke akajibu. "Mmeniuliza habari za nyumbani, nimejibu. Halafu nikatafuta mahali pa kuwauliza nyinyi, sikupaona. Nanyi hamjambo?"

Mume wangu akaitoa kalamu sikioni. Akanitazama mimi, akamtazama binti yake, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Hatujambo," akasema. "Sote tuko kazini."