Nafasi ya Asiyejua

Kijiba cha roho kilimwingia Mwanarehema siku ya Ijumaa, darasani, akiwa amenyoosha mkono juu kuliko watoto wote.

Mwalimu Jael alikuwa ameleta habari. Klabu ya mashua iliyoko upande wa Mtongwe, ile ambayo watoto wa Likoni waliijua ukuta wake tu, ilitaka mtoto mmoja kutoka darasa la sita aende kila Jumamosi kufunzwa kuendesha mashua ya tanga. Bure, na fulana apewe. Sharti awe anajua kuogelea. Mwalimu akauliza nani amezoea bahari. Vidole vitatu vikainuka, na cha Mwanarehema hakikuwa kidole bali mkono mzima pamoja na bega lake.

"Mimi, Mwalimu. Babangu ana ngalawa. Nashika usukani tangu sijabadilisha meno."

Hapo alikuwa ametia chumvi. Usukani aliushika mara mojamoja, na mkono wa babake ukiwa juu ya wake. Lakini mtoto wa mvuvi Mwidani asipojisifia bahari atajisifia nini?

"Vizuri sana," akasema Mwalimu Jael. "Basi wewe unajua tayari. Hawa wanataka wa kumfunza. Nani anajua kuogelea lakini hajawahi kupanda chombo cha tanga?"

Nyambura akainua kidole polepole, kama anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Nafasi akapewa yeye.

Sasa huyu Nyambura hakuwa mtu wa mbali. Babake alifanya kazi bandarini, na walikuwa wamepanga chumba cha mwisho katika nyumba ya kina Mwanarehema tangu mwaka uliotangulia, mwaka wa tisini, walipotoka bara. Siku ya kwanza kupanda feri alilia akamshika mamake nguo. Na kuogelea kwenyewe alifunzwa na nani? Na Mwanarehema, pale ufuoni nyuma ya nyumba, akimshika kidevu kama mtoto mchanga anayeoshwa. Mwanarehema alilifikiria jambo hilo usiku kucha, na kila alipolifikiria roho ilimuuma upya. Alikuwa amempa mtu kisu, akachinjiwa kuku wake mwenyewe.

Kuanzia hapo Jumamosi zikawa adhabu. Nyambura alirudi saa za adhuhuri, nywele zimekauka chumvi, na ile fulana ya buluu yenye picha ya tanga kifuani akaifua na kuianika uani. Mwanarehema alimngoja aingie ndani, kisha akaihamishia fulana karibu na banda la kuku, penye kivuli na harufu. Jumamosi iliyofuata Nyambura akaivaa vivyo hivyo inanuka, wala hakuuliza. Hata hilo lilimkera Mwanarehema. Mtu akifanyiwa ubaya basi angalau ajue.

Lakini fulana ilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa Mwidani mwenyewe. Jioni babake huyo alikuwa akikaa barazani akitengeneza nyavu, na Nyambura akipita humwambia shikamoo, naye humjibu marahaba na kumwita.

"Njoo, mwanangu. Leo wamekufunza nini hao?"

Nyambura akaeleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, na Mwidani akacheka, akamkatia kipande cha kamba amwonyeshe fundo. Mwanarehema alitazama kutoka mlangoni. Babake hakuwahi kumuuliza yeye amefunzwa nini, kwa kuwa alichokijua kilitoka kwake. Laiti angekuwa hajui, labda angeulizwa.

Mwezi wa saba ndipo Nyambura alipomjia jikoni. "Kuna nafasi ingine imetokea huko klabu. Mwalimu Kombe amesema kila mtu anaweza kuleta rafiki wa kujaribu. Mimi nimesema wewe."

Mwanarehema aliendelea kukuna nazi. Kukubali kitu kutoka kwa mkono ule kulikuwa kama kumeza mwiba wa samaki. Lakini nafasi ni nafasi, na nyingine haingekuja. Ingekuwa yake, babake angemwita yeye barazani.

"Nitakuja," akasema. "Lakini usijitie kunifunza."

Kombe alikuwa mtu wa Kilifi, baharia mstaafu, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Aliwapanga wawiliwawili kwenye vimashua vyeupe, akasema maneno yake mara moja tu: mgeni akae mbele, ashike anachoambiwa, na usukani usiguswe na mgeni hata kwa kidole. Kisha akapanda boti ya injini awe anawafuata.

Wakatoka. Upepo ulikuwa mzuri, maji ya mkondo yametulia. Na Nyambura, wallahi, aliendesha vizuri. Alikaa wima, macho juu ya tanga, kamba ameishika kwa mkono mlegevu, mashua ikateleza bila kelele. Kama angekosea kidogo tu Mwanarehema angepumua. Hakukosea. Alikuwa anamwonyesha miti ya ufuo wa pili kwa kidevu, anatabasamu, na kila tabasamu liliingia kama chumvi kwenye kidonda.

Walipofika kwenye boya la kugeuzia, boti ya Kombe ilikuwa nyuma, inamsaidia mtoto mwingine aliyenaswa kwenye mikoko.

"Nipe," akasema Mwanarehema.

"Mwalimu amesema mgeni asishike."

"Baharini hapa mgeni ni nani, mimi ama wewe?"

Nyambura alimtazama, akainamisha macho, akaupisha usukani. "Haya. Lakini hapa unageuza uso uende kwa upepo. Sukuma mkono wa usukani uelekee tanga, pole pole."

Mwanarehema akacheka kwa pua. Kugeukia upepo? Ngalawa ya babake haigeuzwi hivyo. Huupa upepo mgongo, ikazunguka mbali, kisha tanga likapitishwa mbele ya mlingoti na kufungwa upande wa pili. Ndivyo alivyofanya babake, ndivyo alivyofanya babu yake, na huyu wa juzi kutoka bara aje kumwambia mengine. Akauvuta usukani kwake kwa nguvu zote.

Lakini tanga la kimashua kile lilikuwa limefungwa mlingotini kwa ubavu, na chini yake kuna mti mrefu. Kilipoupa upepo mgongo, lile tanga likavuka upande mmoja hadi mwingine kwa ghafla, kama mlango unaobamizwa, na ule mti ukampiga Nyambura mdomoni. Ngalawa ina matengo yake ubavuni ya kuizuia isipinduke. Kimashua hakina kitu. Kikalala ubavu, wote wawili majini.

Kombe aliwavuta mmoja mmoja. Ufuoni akawasimamisha mbele yake, maji yakiwachuruzika. Mdomo wa Nyambura ulikuwa umevimba, na jino la mbele limemeguka pembe.

"Nani alikuwa na usukani?"

Kabla Mwanarehema hajajibu, Nyambura akasema, "Ni mimi, Mwalimu. Nimegeuza vibaya."

Kombe alitikisa kichwa. "Wewe? Miezi yote hii?" Akamgeukia Mwanarehema. "Na wewe mgeni, umeogopa?"

"Sikuogopa."

"Naona. Hata kulia hukulia. Mtoto kama huyu namtaka mimi. Jumamosi ijayo uje uchukue fulana."

Basi, ikawa imekwisha. Nafasi ilikuwa yake. Kilichobaki ni kunyamaza, na kunyamaza si kazi. Lakini Mwanarehema akamtazama Nyambura amesimama pale, damu kidevuni, ametulia, na akaona jinsi itakavyokuwa. Siku moja nyumbani itajulikana, maana nyumba za kupanga hazina siri. Mwidani atasema, huyu mtoto alimsitiri mwenzake, mtoto mwema huyu. Mashua kaijua yeye, baba kamchukua yeye, sasa hata wema awe nao yeye? Hapana. Hilo hakuliweza.

"Anasema uongo," akasema. "Usukani nilikuwa nao mimi. Nimemnyang'anya."

Si kwamba alimwogopa Mungu saa ile. Alisema kwa wivu, na kwa sauti ya juu, ili wasikie wote.

Kombe hakupiga kelele. Alimwambia Mwanarehema avae nguo zake aende nyumbani, na asirudi. Nyambura akaambiwa hataingia mashindano ya klabu ya mwezi wa nane, kwa kuutoa usukani na kwa kudanganya.

Walishika barabara ya vumbi ya kurudi nyumbani. Mwanarehema alikuwa anangoja kutukanwa, na matusi ya kurudisha alikuwa nayo tayari. Walipokaribia nyumbani ndipo Nyambura akasema, kwa taabu kwa sababu ya ule mdomo.

"Nilitaka uingie. Huko hakuna mtu anaongea na mimi. Wanaletwa na magari, wanakula chakula yao peke yao. Na hiyo maji mimi huwa naiogopanga. Kila Jumamosi naogopanga. Nikaona tukiwa wawili..."

"Mbona hukuniambia siku zote hizo?" akauliza Mwanarehema.

"Ningekwambia, ungefurahi."

Mwanarehema akafungua kinywa akane. Lakini Nyambura alikuwa amesimama anamtazama, anangoja jibu kweli, na ndani kabisa, chini ya haya yote, Mwanarehema alijisikia anafurahi.