Chai ya Mia na Kumi na Mbili

Tangu ujana wake, Hammal hakujua bei ya chai mtaani kwao Matrah; hakuna aliyekubali alipe. Aliwahi kuichezea timu ya kriketi ya vijana wa Oman, na katika mechi moja ya mashindano ya Asia akapiga mikimbio, yaani pointi, mia na kumi na mbili peke yake. Hakuna kijana wa Oman aliyefika hapo tena. Timu yenyewe, tuseme kweli, ilikuwa bingwa wa kwenda na kurudi: kila mashindano walikwenda, wakachapwa, wakarudi na visingizio. Kombe la Dunia la vijana walilitazama kwenye runinga. Katika ukame huo, mikimbio ya Hammal ndiyo iliyokuwa kisima. Iliandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa chumba cha wachezaji kwenye uwanja wa Amerat, na mtaani hata jina lake likasahaulika. Aliitwa Mia na Kumi na Mbili, naye akaitika.

Kisha akakua Balach, mtoto wa dada yake Mahganj. Hammal mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika gongo, vichochoroni, kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe. Alimpenda kijana huyo, hakuna ubishi. Alimpenda mpaka siku alipoanza kupiga vizuri kupita kiasi.

"Kaka Hammal, jiandae kulipa chai," muuza chai alimtania mwaka huo, Balach alipochaguliwa timu ya taifa ya vijana. "Mla ni mla leo. Mla jana kala nini?"

Kibaraza kizima kikacheka. Hammal naye akacheka, akaenda nyumbani, akairudisha sahani ya chakula jikoni. Ulikuwa wivu, wivu mtupu, na aibu yake ilikuwa kwamba alijua hivyo.

Siku ya mechi ya mwisho ya kufuzu walicheza na Nepal, hapo hapo Amerat. Mshindi angekwenda Kombe la Dunia la vijana. Hammal alikuwa kocha msaidizi, na kwa bahati mbaya siku hiyo alikuwa ndiye kocha. Kocha mkuu alikuwa chooni. Si kwamba aliumwa tumbo: aliingia haja ndogo wakati Oman wanaporomoka, na alipokuwa humo Balach akaanza kupiga mpira kila upande. Wachezaji wakafunga mlango kwa nje.

"Kaa humo humo, kocha! Ukitoka tu, tumekwisha!"

"Basi nileteeni kiti," akajibu kocha, maana na yeye anaamini.

Ndiyo sheria ya kriketi isiyo kitabuni: mambo yakienda vizuri, hakuna kuhama ulipo. Kila mtu uwanjani alikuwa ameganda. Mahganj, aliyekuja tu kumletea kaka yake sambusa, alijikuta amekwama kwenye benchi kando yake, chupa ya chai mapajani, amekatazwa hata kunyoosha mguu.

Ikafika mahali pa kukata roho. Oman walibakiwa na wapigaji wawili wa mwisho, Balach na mwenzake asiyejua kupiga hata nzi. Mmoja akitolewa, mechi imekwisha. Walihitaji mikimbio sita kwa mipira kumi na miwili, na Balach mwenyewe alikuwa na mia na nane, nne tu kuifikia alama ya mjomba wake.

Hapo kijana akaanza vituko. Mpira unakuja, anauzuia tu. Unakuja mwingine laini kama maandazi, anauzuia. Mipira minne ikapita bure.

"Anangoja nini mwanangu?" Mahganj akauliza.

Hammal alijua anangoja nini. Anaionja alama yangu, mshenzi huyu. Amefika mlangoni pangu, anabisha polepole ili dunia nzima imwone akiingia. Aliyaona maandishi meupe juu ya mlango yakikwanguliwa.

Balach akanyoosha mkono kuomba glavu kavu. Faizan, mchezaji wa akiba, akainuka na maji na glavu, na kama ilivyo desturi akainama kuchukua ujumbe wa kocha.

"Mwambie apige juu," Hammal akasema. "Kwa nguvu zote. Auvushe kamba ya mpaka bila kugusa chini, amalize kwa sita."

Faizan akamtazama. "Juu, kocha? Si mmoja mmoja unatosha? Akidakwa je, si ametolewa?"

"Nani kocha hapa? Nenda!"

Faizan akaenda. Akamnong'oneza Balach, na Balach akageuka akatazama benchini kwa muda mrefu. Akamwinulia mjomba wake gongo, kama mtu anayeshukuru. Hammal hakuelewa.

Mpira ukaja. Balach akaupiga juu, juu kabisa, lakini haukumkaa vizuri kwenye gongo. Ukapanda, ukasita, ukaanza kushuka kuelekea mpakani, na chini yake Mnepali mmoja amekwishajipanga, mikono wazi. Nchi nzima ilikuwa inaomba mpira upite.

"Daka," Hammal akasema.

Mnepali akaruka. Mpira ukamgusa ncha za vidole, ukaangukia nje ya kamba. Sita.

Mlango wa choo nusura ung'oke. Watu walimiminika uwanjani, na kabla Hammal hajajua asimame au akae, akawa amebebwa juu juu mpaka alipo Balach, aliyekuwa analia na kucheka.

"Jamani nisikilizeni!" kijana akapaza sauti. "Mimi niliogopa. Niliona nikipiga nitaivuka alama ya mjomba, na mkono ukagoma. Nilingoja zamu imfikie mwenzangu, yeye amalizie. Mjomba akaliona hilo kutoka kule alikokaa, akaniletea neno: pita. Nani mwingine angefanya hivyo?"

Akamkumbatia. Wazee wa Matrah wakajifuta macho. Muuza chai akaapa kwamba mjomba wa Balach hatalipa chai mpaka anaingia kaburini. Hammal akasimama katikati ya mapenzi yote hayo, akatamani ardhi ipasuke.

Hammal alipofika kwenye gari, alimkuta Mahganj amesimama na chupa yake ya chai, hajafurahi wala hajalia.

"Nilikuwa kando yako, Hammal," akasema taratibu. "Nilikatazwa kuhama."

Hammal akashika mlango wa gari.

"Mtoto asijue kamwe," dada yake akasema. "Yeye amekupa jina jipya: Mjomba wa Balach. Utalibeba." Akamimina chai kwenye kifuniko, akamnyooshea.

"Mjomba, kaa mbele!" Balach akaita kutoka ndani ya gari. "Leo ni siku yako!"

Hammal akainywa chai ile yote, macho ya dada yake yakiwa juu yake, kisha akaenda kukaa mbele.